Faili Lipo, Programu Hailioni: Kisa cha Duka la Vipuri Kirinyaga Road

Duka lenyewe liko Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee wa Nairobi bado wanaiita Grogan, na ambako mtu akikosa beringi au klachi ya gari lake huanza kukata tamaa. Mwenye duka anahesabu stoki yake kwa programu aliyoandikiwa miaka mingi iliyopita na kijana aliyejua Visual Basic 6, lugha iliyotolewa na Microsoft mwaka 1998. Kijana huyo alishahamia ng'ambo na msimbo asilia hakuna anayejua uliko. Kilichobaki ni folda moja inayoitwa Stoo: ndani yake mna Stoo.exe, faili dogo la mipangilio liitwalo Stoo.ini, na hifadhidata ya Access, stoo.mdb. Ukiandika namba ya kipuri, unaonyeshwa vimebaki vingapi, viko rafu gani, na bei ya jumla na ya rejareja. Ukibonyeza kitufe kimoja, risiti inatoka. Mzee na keshia wake wanaijua programu hii kwa vidole, na sijaona sababu ya mtu yeyote kuwadharau kwa kuendelea kuitumia.

Shida ilianza walipobadilisha kompyuta. Ile ya zamani ilikuwa na Windows XP ya biti 32, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014, na brauza yake ilikuwa haifungui tena kurasa nyingi. (Biti 32 na biti 64 ni aina mbili za mifumo na programu, kulingana na ukubwa wa namba ambazo prosesa inazishika kwa mara moja; ya 64 ndiyo mpya zaidi.) Mambo ya kodi sasa yanataka intaneti inayofanya kazi, kwa kuwa ankara za eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haziwezi kusubiri. Mzee akashuka Luthuli Avenue, akanunua kompyuta iliyotumika yenye Windows 10 ya biti 64, akamtafuta fundi wa kumhamishia programu. Fundi alihamisha, akahangaika siku kadhaa, kisha akatoa shauri la kupiga format na kuanza upya, na kama hilo litashindikana, kuitupa programu yote.

Nilipoitwa, malalamiko yalikuwa matatu. Risiti haitoki: programu inasema, kosa namba 53, faili la printa halipatikani. Hifadhidata ilikataa kufunguka siku ya kwanza, kosa namba 3044, njia ya faili si halali, ingawa hilo lilikuwa "limetengenezwa". Na la tatu, ambalo Mzee aliniambia akiwa ameshusha sauti na keshia yuko upande wa pili wa kaunta: hesabu ya stoki anayoiona yeye jioni hailingani na anayoiona keshia mchana. Filta za mafuta kwake ni 14, kwa keshia ni 9. Mzee hakutamka neno wizi, lakini lilikuwa limekaa mezani.

Kuhusu printa, alinifungulia mwenyewe folda ya C:\Windows\System32, akaweka kidole kwenye skrini. "Fundi, faili si hili hapa? Mimi naliona. Mbona kompyuta inasema halipo?"

Swali hilo la Mzee ndilo kisa chote, na jibu lake ni kwamba aliyeliona faili na aliyelikosa ni wawili tofauti. Mzee alikuwa anatazama kwa dirisha la folda la Windows, ambalo ni programu ya biti 64. Stoo.exe ni programu ya biti 32. Kwenye Windows ya biti 64, hawa wawili wakitaja folda ya System32 hawapelekwi mahali pamoja. Fundi anayeuliza tu "faili liko wapi?" atazunguka mpaka achoke. Inabidi aulize kwanza ni nani anayelitafuta.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili folda zote zilizohusika kwenye diski ya nje. Hatua hii nawaomba mafundi wenzangu wasiiruke hata kama mteja anatazama saa. Mbele kidogo utaona kwamba format ingefuta siku kadhaa za mauzo ambazo hazikuwa kwenye faili jingine lolote.

Printa na folda mbili

Ili kujua programu inatafuta wapi, kubahatisha hakusaidii. Ni vizuri kuiangalia ikitafuta. Kuna chombo kiitwacho Process Monitor, cha familia ya Sysinternals iliyoanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell na kununuliwa na Microsoft mwaka 2006. Kinapakuliwa bure. Unakiwasha, unakiambia kionyeshe Stoo.exe pekee, kisha unafungua programu na kuliacha kosa litokee. Kila faili lililoulizwa linaandikwa pamoja na jibu lililotolewa.

Mistari ilikuwa wazi. Programu ilitafuta DLL ya printa, yaani faili la msimbo ambalo programu huliita liifanyie kazi fulani, kwanza ndani ya folda yake yenyewe: haipo. Ikatafuta C:\Windows\SysWOW64: haipo. Ikapita folda nyingine za Windows, ikarudi SysWOW64 tena, zote "NAME NOT FOUND". C:\Windows\System32, mahali ambapo Mzee alikuwa ameweka kidole, haikutokea hata kwenye mstari mmoja. Programu haikuwahi kufika huko.

Sababu yake ni ya kihistoria, na inafaa kuielewa kwa sababu majina ya folda hizi yamewapoteza watu wengi. Windows ya biti 64 ina folda mbili za mfumo. System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64. SysWOW64 ndiyo yenye mafaili ya biti 32. Ndiyo, umesoma sawasawa. Windows ilipohamia biti 64, kulikuwa na programu zisizohesabika ambazo waandishi wake walikuwa wameandika "System32" moja kwa moja ndani ya msimbo. Jina likaachwa lilivyo ili programu hizo zikiundwa upya kwa biti 64 ziendelee kufanya kazi bila kuguswa, na yale ya biti 32 yakatengewa folda mpya. Herufi WOW ni za tabaka linalobeba programu za biti 32 juu ya Windows ya biti 64. Programu ya biti 32 ikitaja C:\Windows\System32, tabaka hilo linaigeuza njia kimyakimya na kuipeleka SysWOW64, kama soja wa jengo anayeangalia kitambulisho chako na kukupandisha ngazi ya pili bila kukuambia kwamba kuna ngazi mbili. Haitoi onyo. Programu yenyewe inaamini imetazama System32, na ujumbe wa kosa unaandikwa kwa imani hiyo.

Kwenye ile XP ya zamani mgeuzo huo haukuwepo, maana mfumo wote ulikuwa wa biti 32 na System32 ilikuwa moja tu. Fundi wa kwanza aliikuta DLL ikiwa System32 kule, akainakili System32 huku. Kwa mantiki ya kawaida alifanya sawa kabisa. Ila chombo alichonakilia ni cha biti 64, basi faili likatua upande ambao Stoo.exe haiwezi kuuona.

Mzee alitaka kuona kwa macho, nami napenda mteja wa namna hiyo. Nikamfungulia madirisha mawili meusi ya amri, moja la kawaida na jingine kutoka C:\Windows\SysWOW64\cmd.exe, ambalo ni la biti 32. Katika yote mawili nikaandika amri ile ile ya dir, njia ile ile ya System32, jina lile lile la DLL. La kwanza likaonyesha faili, ukubwa wake na tarehe. La pili likasema halipo. Kisha katika lile la pili nikaandika C:\Windows\Sysnative badala ya System32, na faili likaonekana. Sysnative ni njia ya pembeni iliyowekwa kuanzia Windows Vista ili programu ya biti 32 iweze kuufikia upande wa biti 64 inapolazimika. Ukiisaka Sysnative kwa dirisha la kawaida la folda huikuti, kwa sababu inaonekana kwa programu za biti 32 peke yake.

Mgeuzo huu hauhusu kila kitu, na hapo ndipo fundi aliyeusikia juu juu anaweza kupotea mara ya pili. Folda ndogo kadhaa ndani ya System32 zimeachwa nje yake, kati yake drivers\etc, ambamo faili la hosts linakaa, na spool, inayohusika na foleni ya printa. Huko pande zote mbili zinafika mahali pamoja. Kwa hiyo mtu anaweza kujaribu na faili la hosts, akaona linapatikana kotekote, akahitimisha kwamba nadharia ya mgeuzo ni porojo.

Rejista ya Windows, ghala la mipangilio ya mfumo na ya programu, nayo imegawanywa. Programu ya biti 32 ikisoma HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE, kwa sehemu kubwa inapelekwa kwenye tawi liitwalo Wow6432Node. Mtu akiandika mpangilio kwa mkono nje ya tawi hilo, programu itamwambia mpangilio haupo huku yeye anautazama.

Fundi wa kwanza alikuwa amejaribu dawa nyingine pia. Aliingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa printa, akachukua DLL ya biti 64 "kwa sababu kompyuta ni 64", akaiweka pembeni ya Stoo.exe. Kosa likabadilika: sasa programu haikusema faili halipo, ilisema imeshindwa kulipakia. Akaiondoa na kurudi alikoanza. Mabadiliko yale yalikuwa habari njema na hakuna aliyeisoma. Yalionyesha kwamba folda ya programu inafikiwa na tatizo lililobaki ni aina ya faili. Programu ya biti 32 haiwezi kubeba DLL ya biti 64 ndani yake, wala ya biti 64 haiwezi kubeba ya biti 32. Chini kabisa Windows hurudisha namba 193 kwa hali hiyo, tofauti na 2, ambayo ni faili halikupatikana, na 3, ambayo ni njia haikupatikana, na 126, ambayo ni moduli haikupatikana. Ukiona namba inabadilika, andika mahali. Imekuambia jambo.

Hapa kuna kanuni ambayo naona inachanganywa kila siku katika maduka ya kompyuta ya mjini. DLL hufuata programu inayoibeba. Draiva, programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa, hufuata Windows. Draiva ya printa kwenye mashine hii lazima iwe ya biti 64, kwa sababu inapakiwa na huduma ya Windows ya kuchapisha, ambayo yenyewe ni ya biti 64. Lakini DLL ambayo Stoo.exe inaiita ili kuzungumza na printa lazima iwe ya biti 32, kwa sababu Stoo.exe ni ya biti 32. Vyote viwili vinakaa kwenye kompyuta moja bila ugomvi.

Kujua faili ni la aina gani hakuhitaji chombo cha kulipia. Kwa programu inayotembea, fungua Task Manager, ingia sehemu ya Details na uongeze safu ya Platform. Itakuandikia biti 32 au 64. Kwa DLL iliyolala, fungua nakala yake kwa Notepad na usiihifadhi. Katika mistari ya mwanzo yenye herufi zisizosomeka tafuta "PE" inayofuatwa na nafasi kidogo kisha herufi moja: L ni biti 32, d ni biti 64. Herufi hizo si za kubahatisha, maana faili lenyewe linatangaza prosesa yake kwa namba, 014C kwa ile ya biti 32 na 8664 kwa ile ya biti 64, na Notepad inazisoma namba hizo kama herufi.

Tiba ya printa ilikuwa fupi. Nilichukua DLL ya zamani ya biti 32 nikaiweka ndani ya folda ya Stoo, pembeni ya Stoo.exe. Ningeweza kuiweka SysWOW64 na ingefanya kazi, na wengi huishia hapo. Mimi nakataa. Programu hutafuta kwanza katika folda yake, basi faili lake likae nyumbani kwake, na siku ya kuhama lihame nalo bila mtu kukumbuka lilikuwa limefichwa ndani ya Windows. Ile nakala iliyokuwa System32 niliifuta ili isimpoteze fundi atakayekuja baada yangu. Risiti ikatoka.

Wanaotumia Linux wasidhani haya ni ya Windows peke yake. Chukua programu ya biti 32, iweke kwenye Linux ya biti 64 isiyo na maktaba za biti 32, uiite. Utaambiwa hakuna faili wala saraka yenye jina hilo, na amri ya ls inakuonyesha faili hilo hilo pale pale. Linalokosekana hapo ni kipakiaji ambacho programu imekiandika ndani yake, kwa kawaida /lib/ld-linux.so.2. Mfumo unalalamikia faili la pili, ila jina linaloonekana kwenye skrini ni la kwanza. Amri ya file itakuambia programu ni ya biti ngapi na inataka kipakiaji kipi. Nimewaona vijana wenye shahada wakibadilisha ruhusa za faili asubuhi nzima kwa ajili ya ujumbe huu.

Njia iliyoandikwa ndani ya ini

Kosa namba 3044 lilikuwa la aina nyingine, ingawa kwa mtazamaji yanafanana. Fundi alijua kwamba programu za biti 32 huwekwa C:\Program Files (x86), akaiweka folda ya Stoo huko. Ni sawa. Lakini ndani ya Stoo.ini mlikuwa na mstari wa tangu XP unaosema hifadhidata iko C:\Program Files\Stoo\stoo.mdb. Folda hiyo haikuwepo kwenye kompyuta mpya.

Mtu anaweza kuuliza: kama Windows inageuza System32, mbona isiigeuze na hii? Haiigeuzi. Kwa Program Files, kinachobadilika ni jibu la programu inapouliza mfumo "folda ya programu iko wapi?". Ya biti 32 inajibiwa Program Files (x86), ya biti 64 inajibiwa Program Files. Programu iliyouliza vizuri inapata jibu linaloifaa. Iliyoandikiwa njia nzima kwa mkono inapelekwa pale pale ilipoandikiwa, hata kama hakuna kitu. Hakuna wa kuisaidia.

Kurekebisha mstari mmoja wa ini kungetosha. Fundi, badala yake, aliunda folda ya C:\Program Files\Stoo na kunakili hifadhidata humo. Kosa likatoweka na kila mtu akafurahi. Lakini sasa stoo.mdb zilikuwa mbili.

Binti wa Mzee, anayesaidia hesabu, alikuwa na shida yake ndogo: Excel ya laptop yake, ambayo ni ya biti 64, ilikataa kuisoma nakala ya hifadhidata kwa ODBC, njia ya programu moja kusoma hifadhidata ya nyingine, ikisema draiva na programu havilingani. Ni ugonjwa ule ule. Kuna madirisha mawili ya kupangia ODBC, moja la kila aina. Mafaili yake yote mawili yanaitwa odbcad32.exe, lile lililo System32 likiwa la biti 64. Draiva ya zamani ya Access inayokuja na Windows iko upande wa biti 32 tu. Tulimwekea injini ya Access ya biti 64 kutoka Microsoft na kupanga chanzo upya upande unaofaa. Hilo halikuchukua muda.

Stoki isiyolingana

Nilisaka kila faili lenye mwisho wa .mdb katika diski nzima, pamoja na folda zilizofichwa, nikiangalia tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Nilitarajia mbili. Zilikuwa tatu.

Ya kwanza, ndani ya Program Files (x86), haikuguswa tangu siku ya kuhamishwa. Ya pili, ndani ya Program Files, ilikuwa imebadilishwa jioni, saa ambazo Mzee hukaa kwenye kompyuta. Ya tatu ilikuwa imebadilishwa mchana huo huo, nayo ilikuwa ndani kabisa ya akaunti ya keshia: AppData\Local\VirtualStore\Program Files\Stoo.

VirtualStore ilianza na Windows Vista. Kabla ya hapo, programu nyingi ziliandika data zao ndani ya Program Files bila kuulizwa. Vista ilipoifunga folda hiyo kwa mtumiaji wa kawaida, programu za zamani zingekufa zote. Basi Windows ikaweka njia ya kuziokoa: programu ya biti 32 ambayo haijatangaza kiwango cha mamlaka inachohitaji ikijaribu kuandika mahali palipofungwa, faili linanakiliwa kwenye VirtualStore ya mtumiaji huyo, na kuanzia hapo anasoma na kuandika nakala yake binafsi. Programu za biti 64 hazipewi huduma hii. Zenyewe zinakataliwa waziwazi. Kwa Stoo.exe ya mwaka ule, hakuna kilichokataliwa. Njia inayoonekana ni C:\Program Files\Stoo\stoo.mdb, na wino unaangukia mahali pengine. Process Monitor ilionyesha hivyo hasa: ombi la kufungua, jibu "REPARSE", kisha mstari unaofuata unataja VirtualStore.

Kwa nini Mzee hakupelekwa kwenye VirtualStore yake? Kwa sababu fundi wa kwanza, akihangaika na printa, aliipanga ikoni ya Mzee ifungue programu kwa mamlaka ya msimamizi. Anayefungua hivyo anaruhusiwa kuandika faili halisi, na mgeuzo haumhusu. Keshia alikuwa na akaunti ya kawaida. Kompyuta moja, programu moja, njia moja ndani ya ini, hifadhidata mbili zinazoishi sambamba. Kila kipuri alichouza keshia mchana kilipungua kwenye ya kwake. Mzigo uliopokelewa na Mzee jioni uliongezeka kwenye ya Mzee. Kila mmoja alikuwa anasema kweli kuhusu alichokiona.

Niliwaita wote wawili mbele ya skrini, nikafungua hifadhidata zote mbili moja baada ya nyingine. Nilihakikisha keshia anasikia kila neno, kwa sababu jambo hili lilikuwa limezungumzwa akiwa pembeni na lilimhusu. Huyu ni mama anayepanda matatu alfajiri kuja kulinda kaunta ya mtu mwingine. Kosa la mpangilio wa folda lilikuwa limebakisha kidogo limfukuzishe kazi, na hakuna ujumbe wowote wa kosa ambao ungetokea kumtetea. Ndiyo maana nakasirika nikisikia fundi akisema tofauti za biti 32 na 64 ni mambo ya vitabuni.

Kilichotuokoa katika kuunganisha hesabu ni ile printa mbovu. Kwa kuwa risiti hazikutoka, keshia alikuwa ameandika kila mauzo kwenye kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Tuliichukua hifadhidata ya Mzee kuwa msingi, kwa sababu mzigo wote ulioingia ulikuwa humo, kisha keshia akasoma kitabu na binti wa Mzee akaingiza mauzo moja moja. Tulilinganisha na nakala ya VirtualStore, mstari kwa mstari, na mwisho tukahesabu rafuni aina chache za vipuri zinazouzwa sana. Filta za mafuta zilifikia hesabu ya rafu. Mzee akageuka na kumwambia, "Mama, pole. Nilikuwa nimekuwaza vibaya." Keshia akajibu kwamba alijua, na akaendelea kusoma kitabu.

Hifadhidata sasa iko C:\StooData, nje ya Program Files zote mbili, na akaunti zote mbili zina ruhusa ya kuandika humo. Stoo.ini imeelekezwa huko. Ikoni ya Mzee nimeiondolea mamlaka ya msimamizi, kwa sababu haihitaji tena, na anayefungua kila kitu kwa mamlaka hayo anajifungulia mlango wa shida nyingine. Nakala za zamani nilizipa majina mapya yenye tarehe na kuzihamishia kwenye diski ya nje, zile za VirtualStore zikiwemo, kisha nikafungua programu kwa akaunti zote mbili huku Process Monitor ikitazama, mpaka nikaona njia moja tu ikiandikwa. Jaribio hili la mwisho lina uzito kuliko kuona programu imefunguka, maana hata siku za vurugu ilikuwa inafunguka vizuri.

Kompyuta ile itabidi ibadilishwe tena, kwani Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa, lakini inabeba programu za biti 32, na za Visual Basic 6 bado zinatembea juu yake. Siku hiyo kazi itakuwa kuhamisha folda mbili, Stoo na StooData, kutoa ruhusa kwenye ya pili, na kuweka draiva ya printa ya biti 64. Nimeyaandika hayo kwenye karatasi, pamoja na sababu ya kutoigusa DLL iliyo ndani ya Stoo, na keshia ameibandika ndani ya kabati la kaunta.